Hupita, Anapitaga, Alikuwa Akipita: Mwongozo wa Kuandika Mazoea

Mtu akikwambia "Muuza kahawa anapita," unaweza kuinuka ukatafute sarafu, kwa kuwa umeelewa kwamba yuko nje sasa hivi na vikombe vyake. Unaweza pia kutulia ukimsubiri aendelee, kwa kuwa umeelewa kwamba anakusimulia desturi ya mtaa wao: kila siku baada ya alasiri, muuza kahawa anapita. Sentensi ni ileile. Kiambishi -na- hubeba tendo linaloendelea na tendo la kila siku bila kubagua. Katika mazungumzo hilo halisumbui, maana sikio linasaidiwa na mahali, saa na uso wa msemaji. Msomaji hana msaada huo. Ana sentensi tu.

Shuleni wengi wetu tulipewa dawa moja: kiambishi hu-, chini ya kichwa "hali ya mazoea". Tukajaza mapengo, tukasahihishiwa, tukaendelea na somo la vihusishi. Ukisoma magazeti, tafsiri za miongozo ya afya, hata hadithi fupi, utaona matunda ya somo hilo fupi: hu- imelundikwa kila mahali, hata pale ambapo inaficha jambo ambalo mwandishi alitaka kulisema. Mwongozo huu ni wako ikiwa unaandika habari, hadithi au tafsiri, au unafundisha wanaoandika. Ushauri wangu wote unasimama juu ya swali moja la kujiuliza kabla ya kuandika kitenzi cha mazoea: mbali na mazoea yenyewe, sentensi hii inatakiwa kubeba nini kingine? Imwonyeshe mtendaji? Iseme ni zamani au ni sasa? Ikanushe? Umbo la hu- halibebi hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na hapo ndipo zilipo nguvu zake na matatizo yake.

Hu- na wenyewe

Kitenzi cha kawaida cha Kiswahili hakitoki nyumbani bila kiambishi cha nafsi au cha ngeli: napita, tunapita, gari linapita, magari yanapita. Ukiweka hu-, vyote hivyo vinavuliwa. Mimi hupita, sisi hupita, gari hupita, magari hupita. Nafsi imeondoka, ngeli imeondoka, wakati umeondoka. Kinachobaki ni tendo na ukawaida wake.

Ndiyo sababu methali zinaipenda. Mvumilivu hula mbivu. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna anayeuliza mvumilivu yupi, wala ni lini alizila hizo mbivu. Ndiyo sababu pia vitabu vya sayansi, maelezo ya desturi na maelekezo ya kilimo huitegemea: mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, popo huruka usiku, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. (Hilo la maji ni kweli kwa mtu wa Tanga au Mombasa. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kabla ya kufika 100. Hu- ina tabia ya kulifanya jambo lenye masharti lionekane halina masharti, kwa hiyo ukiitumia katika maelezo ya kitaalamu, taja masharti.)

Kwa kuwa kitenzi hakimtaji mtendaji, lazima umtaje wewe. Soma hii: "Bibi na wajukuu wake huamka alfajiri. Huchota maji, hukamua ng'ombe na huwasha moto." Nani hukamua ng'ombe? Kama wote hufanya yote, sawa. Kama bibi ndiye hukamua na wajukuu ndio huchota maji, sentensi imekuangusha na msomaji hawezi kujua. Hapa ama urudie nomino, ama uache hu- utumie -na-, ambayo itakuonyesha mmoja na wengi: "Wajukuu wanachota maji, bibi anakamua ng'ombe." Maadamu sentensi ya kwanza imeshatangaza kwamba ni mazoea, zinazofuata hazihitaji kutangaza tena. Huu ni ujanja ambao wasimuliaji wazuri wanautumia bila kuufikiria: hu- moja ya kufungua mlango, kisha -na- zinazotembea ndani.

Nomino inaweza kuachwa pale ambapo kitenzi cha jirani kimeshabeba nafsi. "Nikifika nyumbani hupumzika kwanza" haina utata, maana nikifika imeshasema ni mimi. "Ukimchokoza hukasirika" nayo inaeleweka, ingawa hapo msomaji anafanya kazi kidogo kujua kwamba anayekasirika ni yule aliyechokozwa.

Vitenzi vya silabi moja vinaleta kosa ambalo nadhani ndilo la kawaida kuliko yote, hasa kwa waandishi wa bara. Kwa kuwa tunasema anakula, anakuja, anakunywa, mkono unateleza na kuandika "Simba hukula nyama" na "Yeye hukuja mapema." Katika Kiswahili sanifu hu- haichukui ku- ya kitenzi: ni hula, huja, hunywa, hufa. Ukiiweka ku-, unaandika jambo lingine. Hukuja ni "wewe hukuja", ulikosekana. Hukula ni "wewe hukula", ulilala njaa. Na "Simba hukula", ikisomwa kwa sarufi kali, ni onyo kwa msafiri: simba ana desturi ya kukula wewe.

Utata huohuo unajitokeza kila hu- inapokutana na ku- ya mtendwa. "Juma hukusikia" maana yake ni kwamba Juma ana kawaida ya kukusikia. "Juma, hukusikia" ni lawama kwa Juma. Koma moja ndiyo inayotenganisha, na kwenye ujumbe wa simu watu hawaweki koma. Ukiona sentensi yako inaweza kusomwa hivyo viwili, usiitetee, ibadilishe: "Juma huwa anakusikia."

Jihadhari pia na huenda. "Waziri huenda Dodoma" ni desturi ya safari zake. "Waziri huenda akaenda Dodoma" ni kubahatisha. Kinachoamua ni kile kinachofuata: kitenzi chenye -ka- kinamwambia msomaji kwamba huenda hapa ni "labda". Kwenye kichwa cha habari, ambako nafasi ni ndogo na mhariri anakata maneno, nimeona moja ikigeuka nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu hu- ni la uzito zaidi kuliko sarufi. Kiambishi hiki kinampa mtu tabia. Ukiandika "Mshtakiwa alimpiga jirani yake," umeripoti tendo moja linalodaiwa. Ukiandika "Mshtakiwa hupiga majirani," umemhukumu kwa maisha yake yote. Mwandishi wa habari anayeandika hu- juu ya mtu mwenye jina anapaswa kuwa na ushahidi wa mazoea, na ushahidi wa siku moja hautoshi. Hali kadhalika kwa makabila na mataifa. "Watu wa kabila fulani huoa wake wengi" ni sentensi ambayo sarufi yake haina mwanya wa "baadhi" wala "zamani" wala "katika wilaya fulani", na mwandishi asipouweka mwanya huo kwa maneno, msomaji hatauona.

Unapotaka kukana

Hu- haina ukanushi wake. Hakuna "hahupiti", hakuna "sihupiti". Unapokanusha unarudi kwenye umbo la kawaida la ha- na -i: muuza kahawa hapiti. Tazama methali zinavyofanya. Ikiwa yakinishi, kiambishi cha ngeli kinapotea. Ikiwa kanushi, kinarejea kwa nguvu zote: kidole kimoja hakivunji chawa, fimbo ya mbali haiui nyoka, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwanafunzi akiambiwa kwenye mtihani akanushe "Mtoto hulala mapema," jibu ni "Mtoto halali mapema," na kama anaogopa kwamba jibu hilo limepoteza mazoea, ana haki ya kuogopa. Limepoteza kweli. Halali inaweza kuwa leo, inaweza kuwa siku zote.

Anayetaka kuyaokoa mazoea ndani ya ukanushi ana neno moja la thamani: huwa. "Huwa halali mapema." "Huwa hapiti Ijumaa." Huwa inasimama mbele na kutangaza kwamba ni desturi, kisha kitenzi cha pili kinabeba kila kitu ambacho hu- ilikinyima: nafsi, ngeli, ukanushi. Wapo walimu wanaoiona kama uvivu wa mazungumzo. Mimi naiona kama chombo kilichokamilika kuliko hu- yenyewe, maana inakubali hata hali timilifu. Jaribu kusema jambo hili kwa hu- pekee utashindwa: "Ukifika saa kumi na mbili, muuza kahawa huwa ameshapita." Hapo kuna mazoea, na ndani ya mazoea kuna tendo lililokwisha kabla ya jingine. Au: "Saa hizo watoto huwa wamelala." Hu- peke yake ingekupa "watoto hulala", yaani wanaanza kulala saa hizo, jambo tofauti kabisa.

Usichotakiwa kufanya ni kuziweka mbili pamoja: "huwa hupita", "huwa hunywa". Utazisikia mtaani na hazitamdhuru mtu, ila kwenye maandishi zinaonekana kama mtu aliyegonga mhuri mara mbili.

Kuna mtego mwingine katika ukanushi wa mazoea ambao hauhusu kiambishi. "Muuza kahawa hapiti kila siku" inaweza kumaanisha kwamba siku nyingine anapita na nyingine hapiti, au kwamba siku zote hapiti. Wasomaji wengi wataelewa la kwanza. Wachache wataelewa la pili, na katika maelekezo ya dawa wachache hao wanatosha kuleta madhara. "Dawa hii hainywewi kila siku" ni sentensi mbaya. Sema "Dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki," na umemaliza.

Mazoea yaliyokwisha

Hapa ndipo tafsiri nyingi za historia zinapoharibika. Mwandishi anataka kueleza biashara ya Bahari ya Hindi na anaandika: "Majahazi huja na kaskazi kutoka Ghuba na hurudi na kusi." Sarufi ni safi, lakini msomaji anaelewa kwamba yanakuja mpaka leo, na kwamba akienda forodhani Januari atayakuta yamejaa. Mazoea ya zamani yanahitaji kitenzi cha kuyafungia zamani, na kitenzi hicho ni kuwa: "Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi, yakishusha tende, yakipakia boriti za mikoko, yakingoja kusi ianze kuvuma ndipo yarudi." Angalia kwamba yalikuwa imetokea mara moja tu. Baada yake -ki- zinajitosheleza, zinapanga matendo kwenye mstari mmoja, na msomaji anajua kwamba mstari wote ulijirudia mwaka hadi mwaka. Anayeandika "yalikuwa yakija, yalikuwa yakishusha, yalikuwa yakipakia" anamchosha msomaji bure.

Vipi kuhusu "alikuwa anapita"? Kwa masikio ya wengi, hiyo inaegemea kwenye tendo lililokuwa njiani wakati jingine lilipotokea: "Nilipofungua mlango, muuza kahawa alikuwa anapita." Alikuwa akipita inaweza kubeba hilo pia, lakini inakaa vizuri zaidi na kila jioni, kila mwaka, enzi zile. Mpaka kati yao si ukuta. Kama sentensi yako inategemea tofauti hiyo peke yake, weka kielezi cha wakati ukalale. Katika maandishi, hasa ya pwani, utakutana pia na "alikuwa hupita kila jioni". Ni nzuri kwa sauti na inasema kitu kilekile; ukiichagua, ishikilie katika kazi nzima.

Njia fupi kuliko zote, na isiyopewa heshima inayostahili, ni kila pamoja na -po-. Linganisha: "Alipopita, mbwa walibweka" na "Kila alipopita, mbwa walibweka." Ya kwanza ni jioni moja. Ya pili ni miaka. Neno moja limebadili tukio kuwa desturi, na -li- haikuguswa. Kwa wakati usio na mipaka unaacha -na- na -li- na kusema "kila apitapo", umbo lenye ladha ya maandishi na mashairi, lililo jirani na lile la methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika hadithi, baada ya kuweka fremu ya mazoea kwa alikuwa aki-, unaweza kabisa kuendelea na -li- tupu: "Enzi hizo alikuwa akipita kila jioni. Alibeba birika la kahawa mkono wa kulia, vikombe kushoto. Watoto walimfuata." Msomaji hahitaji kukumbushwa kwamba walimfuata zaidi ya mara moja.

Kuhusu -a-, ile ya wasema, napenda, chema chajiuza kibaya chajitembeza, nitasema kidogo tu. Ni umbo la jambo la siku zote, zuri katika methali, mashairi na vinywa vya watu wa mwambao. Kwa kuwa napita inaweza kusomwa kama ufupi wa ninapita, haitakusaidia kutenganisha sasa na siku zote. Itumie kwa ladha yake.

Anapitaga

Sasa kwa umbo ambalo hakuna mwalimu anayelifundisha na ambalo nusu ya wanafunzi wake wanalitumia wakitoka nje ya darasa. Anapitaga. Nasomaga. Hawajagi. Tulichezaga hapa.

Kanuni yake ni nyepesi. Kipande -ag- kinaingia kabla ya irabu ya mwisho: anapita, anapitaga, anakula, anakulaga, inatumika, inatumikaga. Katika ukanushi irabu ya mwisho inageuka -i kama kawaida: hapitagi, sinywagi, hawaendagi. Kinakubali nafsi zote, ngeli zote, wakati uliopo na uliopita. Yaani kinafanya kila kitu ambacho hu- imeshindwa. Na wala si uzushi wa vijana wa mjini: kiambishi chenye umbo hilo kimo katika lugha nyingi za Kibantu, zikiwamo Kisukuma, Kikuyu na Kinyarwanda, na wataalamu wanakihesabu kuwa cha kale sana katika jamii hii ya lugha. Wasemaji wa bara walipokipokea Kiswahili, walikuja na chombo walichokizoea.

Kenya kina ndugu yake, -anga, kinachofanana na cha lugha za Waluhya: anakujanga, siendangi, na mara nyingi kikiwa juu ya hu- yenyewe, huendanga. Lubumbashi utasikia -ak-, banasemaka, kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa Mwanza, wa Kakamega na wa Lubumbashi, ambao hawajawahi kukaa meza moja, wote wameona kwamba mazoea yanakaa vizuri mkiani mwa kitenzi.

Kwa nini basi hakimo katika vitabu? Kwa sababu sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alieleza hu- kuwa ndiyo ya desturi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja hiyo iwe msingi, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisimamia. Kiunguja kilikuwa na hu-, kwa hiyo sanifu ina hu-. Hakuna aliyekaa akapima -aga akaiona haifai kimantiki.

Hilo halikupi ruhusa ya kuiandika kwenye barua ya kuomba kazi. Katika mtihani itakatwa, katika habari itasahihishwa, katika mkataba itachekesha. Lakini kama unaandika hadithi au tamthilia na kijana wako wa Mwanza anasema "Mimi hupita njia hii," umemvalisha kanzu ya mtu mwingine. Kijana huyo anasema "Mi napitaga hapa." Bibi yake wa Mji Mkongwe ndiye anayesema "Mie hupita hapa," na mfanyakazi mwenzake aliyetoka Nairobi anasema "Mimi hupitanga hapa." Waachie kila mmoja lake. Tahadhari mbili tu. Usiweke -aga kwenye kila kitenzi, hata wanaoitumia hawafanyi hivyo, wanaiweka pale mazoea yanapoanza kutajwa au yanapobishaniwa: "Hapitagi huyo, nakwambia!" Na usiwape -aga wajinga na wahuni peke yao. Daktari, mhasibu na shehe wa bara wanaitumia wakiwa nyumbani, na msomaji anaijua dharau hiyo hata kama wewe hukuikusudia.

Kurudia si kuzoea

Kitenzi kinaporudiwa, pigapiga, katakata, ulizauliza, wengi wanadhani wameandika mazoea. Wameandika kitu kingine. Muuza kahawa anayepita kila jioni ana ratiba. Muuza kahawa "anayepitapita" hana, na ukisema watu wanapitapita nyuma ya nyumba yako, jirani atakushauri uongeze kufuli. Kurudia huku kunasema kwamba tendo limefanyika vipande vipande, hapa na pale, ndani ya muda mmoja, mara nyingi bila mpango. Mara nyingine kunapunguza uzito: kupigapiga simu ni kujaribu huku na huku, kuchekacheka ni kucheka bila sababu ya maana. Mara nyingine kunasema matokeo yametapakaa: ukikatakata nyama una vipande vingi, hata kama hujawahi kukata nyama tena maishani. Ripoti ya ofisini inayosema "tulimpigiapigia mteja simu" inamdharau mteja na ofisi pia. Andika "tulimpigia mteja simu mara kadhaa".

Kwa maumbo, viambishi vya mbele havirudiwi: anapigapiga, hutangatanga. Kitenzi cha silabi moja kinahitaji ku- yake pande zote mbili, anakulakula. Kauli ya kutendwa inarudiwa yote, alipigwapigwa. Vipo vitenzi vilivyozaliwa pacha na havina umoja: mfa maji anatapatapa, wala hakuna aliyewahi kutapa mara moja akiwa na maana hiyo. Viandike neno moja, bila kistari.

Mazoea yanapochanganyika na hisia, Kiswahili kina hazina ambayo haina kiambishi chochote maalumu. "Haishi kulalamika." "Haachi kuuliza." "Kutwa yuko dukani." "Kazi yake kusengenya." "Anashinda akicheza bao." "Amezoea kuchelewa." Hizi si za kueleza tu, zinatoa hukumu. Kati ya "huchelewa" na "amezoea kuchelewa" kuna msemaji aliyeanza kukereka, na "mchelewaji" ni kesi iliyokwisha, kwa kuwa tabia imekuwa jina la mtu. Mwenye kuandika tathmini ya mfanyakazi achague kwa makini. Ya kwanza unaweza kuithibitisha kwa daftari la mahudhurio. Ya tatu mwenyewe ataipeleka kwa wakili.

Kumwagiza mtu mazoea

Sarufi za shule zinatupa amri ya tendo moja, funga mlango, zima taa, na zinatuacha hapo, kana kwamba hakuna aliyewahi kumwagiza mtoto afanye kitu kila siku. Umbo lipo, na kila mzazi analo: "Uwe unafunga mlango." "Muwe mnanawa mikono kabla ya kula." Wengine wanasema "uwe ukifunga", ni sawa pia. Kuwa inapokea amri, kitenzi cha pili kinapokea mazoea. Ukimwambia mgeni wako "Funga mlango," anafunga sasa. Ukimwambia "Uwe unafunga mlango," unamwambia pia kwamba jana na juzi hakufunga, na kwamba umeona. Kwa hiyo ni amri yenye lawama ndani, na kwa mkubwa wako au mgeni wa heshima haifai hata ukitanguliza tafadhali. Kwa hao sema "tunaomba mlango ufungwe kila mara".

Kwenye matangazo ya ukutani, ambayo yanasomwa na mtu mpya kila siku, amri ya kawaida inatosha: "Zima taa unapotoka." Hiyo -po- ndiyo inayobeba mazoea. Katika maelekezo ya kiafya kwa mgonjwa mmoja, yule utakayemwona tena mwezi ujao, tumia uwe: "Uwe unapima sukari kila asubuhi, uwe unaandika kwenye daftari." Ukikataza, -si- inaingia kwenye kuwa na si kwenye kitenzi cha pili: "Usiwe unaruka mlo." Ukisema "Usiruke mlo," mgonjwa anaweza kudhani unazungumzia chakula cha mchana cha leo.